Jetoni Namba Kumi na Nne

Asubuhi ya kwanza Virginie alipokaa nyuma ya dirisha la biro ya bandari, ofisi ya tiketi, alivaa gauni jeupe lenye maua madogo ya kijani na viatu vya kisigino alivyoazimwa na mama yake kwa masharti mengi. Nje, gati lilikuwa limejaa watu hadi kwenye reli za treni. Wachuuzi wa samaki wadogo wa ndagala waligombana na wapagazi, mama mmoja alikuwa akimvuta mbuzi wake kutoka chini ya kamioni ya mizigo, na madereva walipiga honi kana kwamba meli ingeongezeka ukubwa kwa kelele zao. Ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka 1963, katika mji wa Kalemie, ambao kwenye tiketi ulikuwa bado ukiandikwa Albertville.

Meli iliitwa Marungu. Mara mbili kwa juma ilivusha abiria na magari hadi Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Magari yaliingia kwa mlango mpana wa chuma ulioshushwa mbele mpaka ukalala juu ya gati, na abiria wakafuata nyuma na mikeka yao, kuku wao na maneno yao. Virginie alikuwa na kazi mbili: kukata tiketi na kuangalia ubao.

Ubao huo ulikuwa ukutani kwa nje, kando ya dirisha lake. Ulikuwa na misumari ishirini na minne, na kwenye kila msumari ilining'inia jetoni, kipande cha shaba kama sarafu kubwa, chenye namba ya mfanyakazi mmoja wa meli. Aliyepanda aliitia jetoni yake mfukoni, aliyeshuka aliirudisha. Kwa hiyo msumari mtupu ulimaanisha mtu yuko majini. Kubeba jetoni ya mwenzako lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, kwa sababu meli ikipata shida, ubao ule ndio ulioulizwa nani yumo na nani hayumo.

Asubuhi hiyo kijana mmoja wa ovaroli ya buluu aliupita ubao bila hata kuutazama.

"Weye! Papa wa ovaroli! Rudi hapa!"

Kijana akageuka. Alikuwa peku, ana mnyororo begani na kofia ya majani kichwani.

"Mama, meli inaniita."

"Itangoja. Jetoni yako iko wapi?"

"Si iko pale kwa ubao?"

"Na weye uko huku kwa mulango wa meli. Ikizama, niwaambie watu kama uko kwenu unalala?"

Wapagazi wakacheka. Kijana akarudi polepole, akaichukua namba kumi na nne, akaipangusa kwenye kifua chake.

"Ikizama, utanililia?"

"Nitaandika karatasi yako, basi."

"Naitwa Valère. Miye njo ninayefunga magari, yasitembee tukifika katikati ya ziwa."

"Sikuuliza jina."

"Lakini sasa unalijua," akasema, akaondoka akipiga mluzi. Virginie akakata tiketi tatu zilizofuata kwa bei isiyo yake, ikabidi awaite wenyewe warudi.

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa ugomvi, na yakaendelea kwa simu. Kulikuwa na simu ya kuzungusha mkono kati ya biro na kibanda cha mlinzi mwishoni mwa gati, iliyowekwa kwa mambo ya kazi. Valère aliifanya yake.

"Alo, biro ya bandari?"

"Ndiyo, njo hapa. Nani anasema?"

"Njo kapiteni."

"Kapiteni gani?"

"Kapiteni wa moyo wako, sheri."

"Kapiteni wa moyo wangu anavaa viatu. Nakuona kwa dirisha, uko peku sawa na bata."

"Basi angalia muzuri. Bata anakupungia mukono."

Na kweli alipunga: mara mbili, akatulia, kisha mara moja. Ikawa ndiyo salamu yao. Kila Marungu ilipoliacha gati, Valère alisimama kando ya gari la mwisho, akapunga mara mbili, akatulia, akapunga mara moja, na Virginie akajibu kutoka dirishani huku foleni ya watu ikinung'unika. Hakujali. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa anapenda.

Alimpenda pia kwa kazi yake. Valère alipofunga gari, alikaza minyororo, akapigilia kabari za mti chini ya matairi, kisha akalisukuma gari kwa bega kama mtu anayemwamsha ndugu yake. Nusu saa baada ya meli kuondoka alipita tena kukaza upya, kwa sababu, alisema, mnyororo hulegea meli inapoanza kucheza, na hakuna anayeona. Mtu anayekagua kazi yake mara mbili, aliwaza Virginie, huyo ni mtu wa kuishi naye.

Mama yake, Mama Marthe, hakuwa na haraka ya kusifu.

"Anafunga magari ya watu," alisema, "lakini ndoa hafungi. Ndugu zake wako wapi?"

Mwezi wa nane ulipoingia, Virginie akamuuliza Valère swali hilohilo kwa simu.

"Mujomba wangu njo muntu wa kusema," alijibu. "Yuko Nyunzu, kwa kazi ya reli. Lazima nimufate miye mwenyewe."

"Lini?"

"Wakinipa ruhusa, mupenzi."

"Miezi sita unangoja ruhusa! Kigoma unapata wakati, Nyunzu hupati. Ao kule Kigoma kuna muntu anakupikia?"

Valère akacheka. Lilikuwa kosa. Virginie akakata simu, na kwa siku nne alimpa jibu la ndiyo na hapana tu. Jumapili Valère alikuja mpaka uani kwao, akasema kesho anaondoka na Marungu, atarudi Jumatano. Virginie alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua macho.

"Safari njema," alisema.

Jumatatu alijiapiza kwamba hatatazama nje, wala ubaoni kuona nani anachukua jetoni. Siku hiyo kulikuwa na magari saba na kamioni moja kubwa iliyojaa mapipa ya mafuta ya mawese, na foleni ya abiria ilifika hadi nje ya geti. Saa sita mchana meli ikapiga honi ya tatu. Virginie akatazama. Ile kofia ya majani ilikuwa pale, mwishoni kabisa, kando ya kamioni. Mkono ukapunga mara mbili, ukatulia, ukapunga mara moja. Hasira yote ikamtoka. Akainua mkono wake, akaupunga mpaka meli ikawa ndogo, kisha akaandika kwenye daftari: namba kumi na nne, yuko melini.

Jioni upepo wa kusini-mashariki ukaanza. Kila kiangazi huvuma, lakini ule ulikuja kwa nguvu ya kung'oa mabati, na ziwa likageuka jeupe hadi upeo wa macho. Saa mbili usiku redio ya Marungu ilinyamaza katikati ya sentensi.

Jumanne asubuhi Kigoma ilijibu kwa redio: hatujaiona.

Mkuu wa bandari, Papa Lambert, alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo yakapungua zaidi. Aliweka karatasi kubwa mbele ya Virginie.

"Mama Virginie, andika majina. Abiria kutoka kwa tiketi, wafanyakazi kutoka kwa ubao. Kila musumari mutupu. Tutabandika mulangoni, watu wajue."

"Shefu, watu watalia."

"Wanalia tayari. Heri walie kwa ukweli."

Akaandika. Abiria sitini na mmoja. Kapteni, fundi wa injini, mpishi. Alipofika namba kumi na nne akaandika Valère kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezionea haya. Papa Lambert aliichukua karatasi na kuibandika kwa nukta nne za gundi.

Kutwa nzima watu walifika mlangoni, wakasoma au wakasomewa, wakakaa chini pale walipokuwa. Vedeti ya bandari, boti ndogo ya injini, haikuweza kutoka kwa mawimbi yale. Virginie alikaa dirishani bila kukata tiketi, hakuna aliyesafiri. Kilichomuuma zaidi ya yote ni yale maneno mawili, safari njema, aliyoyasema akiwa amekazia macho majani ya muhogo.

Mchana akaja Adolphine. Alikuwa jirani yao, mke wa Omer, mmoja wa watu wa kamba waliofunga Marungu gatini, na Virginie alimwita Yaya kama dada mkubwa. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na alitembea ameshika kiuno kwa mkono mmoja na bakuli la uji kwa mkono wa pili.

"Kunywa, mudogo wangu."

"Siwezi, Yaya."

"Utaweza. Kidogo kidogo." Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Lia, lakini kunywa. Miye niko hapa, siendi fasi yoyote."

"Weye una bahati," Virginie alisema. "Omer hakuwa na zamu."

"Namushukuru Mungu usiku na mchana. Yuko Mtoa tangu jana, amefata ndagala. Ona jetoni yake pale, namba ishirini na mbili. Kila nikiiona nasikia haya mbele yako." Akaketi kando yake, akamlaza kichwa begani, na mtoto aliyekuwa tumboni akampiga Virginie teke la ubavu. Adolphine akacheka kidogo, kisha akaona haya kwa kucheka.

Jumatano upepo ulianza kuchoka. Saa nane mchana treni kutoka Kabalo na Nyunzu iliingia stesheni, hatua chache tu kutoka gatini. Virginie na Adolphine walikuwa wamekaa nje kwenye sanduku la mbao, kando ya mlango wenye karatasi, waliposikia mtu akipiga ukelele. Mwingine akajipiga ishara ya msalaba. Umati ukapasuka katikati.

Valère alikuwa akija mbio. Alivaa shati jeupe, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, na viatu. Nyuma yake alikuja mzee mfupi mwenye koti na sanduku la safari, akihema.

Virginie hakukumbuka baadaye alivyovuka zile hatua. Alimshika mashavu, masikio, mabega. Alikuwa mzima, ana joto, ananuka moshi wa treni. Akamkumbatia mbele ya watu wote, mbele ya Papa Lambert, akilia na kucheka kwa pamoja, na Adolphine nyuma yao akapiga vigelegele.

"Nimesikia stesheni," Valère alisema. "Wanasema meli haijafika. Njo kweli?"

Hapo ndipo Virginie akamtazama vizuri. Shati lilikuwa kavu. Viatu vilikuwa na vumbi jekundu.

"Umetoka wapi?"

"Nyunzu. Huyu njo mujomba wangu, Papa Barthélemy. Nilitaka ushangae, Virginie. Nilitaka siku ya leo nikuje naye kwa mama yako..."

"Nilikuona melini."

Valère akamtazama mjomba wake.

"Nilikuona! Ulinipungia mukono. Mara mbili, na moja."

"Hakuwa miye," alisema kwa sauti ndogo.

Virginie akamshika mkono wa shati, akamwingiza bironi, akafunga mlango. Nje bado walikuwa wakishangilia.

"Nani alibeba jetoni yako?"

"Virginie, wakati walininyima ruhusa, nilikuwa sina..."

"Nani?"

"Omer."

Kwa dirisha la tiketi walimwona Adolphine, ameshika kiuno, anamsimulia mjomba jinsi walivyolia siku mbili.

"Tulifanya siri wawili tu," Valère alisema haraka. "Yeye hakuwa na zamu. Alisema atamudanganya Adolphine kama anaenda Mtoa, sababu Adolphine angekuambia. Nilimupa kofia yangu, nilimuonyesha vile nafunga kamioni..."

"Na ukamufundisha kunipungia mukono."

"Nilitaka usikose salamu. Ulikuwa na hasira."

"Ile salamu ilikuwa yangu! Ilikuwa yangu na weye tu! Umeipeana sawa na kofia?" Akampiga kifuani kwa ngumi mbili, na Valère hakujikinga. Miye pia nimo, Virginie aliwaza, miye ndiye niliyemsukuma, ndugu zako wako wapi, ndugu zako wako wapi. Lakini hilo halikupunguza hasira, liliiongeza.

"Nisikilize," Valère alinong'ona. "Upepo unaisha. Meli inaweza kuonekana leo, Omer ashuke mwenyewe, hakuna anayejua. Miye nitasema nilichelewa, jetoni ilinipotea. Tungoje siku moja tu, sheri. Tukisema sasa, kazi yangu imekwisha, na yake pia. Tutaoana na nini?"

Virginie alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyekagua kila mnyororo mara mbili. Siku mbili alikuwa amemlilia kama maiti, na sasa aliogopa kwamba mtu aliyemlilia hakuwahi kuwapo.

"Yule mwanamuke amenipa uji kwa mukono wake," alisema. "Amenifuta machozi siku mbili, amenilaza begani, na bwana yake njo aliye majini. Unataka aendelee kunifariji? Nikae naye pale inje, nikijua?"

"Siku moja..."

"Enda umwambie. Weye, kwa mudomo wako. Usipoenda nitaenda miye, na ukitoka hapa usinipigie simu tena, usije kwetu, usiniite jina."

Valère alikaa akitazama ubao kwa dirisha. Kisha akafungua mlango, akatoka.

Virginie alimfuata hadi kizingitini. Alimwona akipiga magoti na ile suruali iliyopigwa pasi mbele ya sanduku alipoketi Adolphine. Hakusikia maneno yote. Alisikia "Yaya", akasikia "Omer", akasikia "njo miye nilimuomba". Kelele za watu zikazimika kidogo kidogo.

Adolphine hakupiga ukelele. Aliuliza, "Alikula kabla ya kupanda?"

"Alikula, Yaya. Tulikula pamoja."

"Nini?"

"Ugali na samaki wa kuhe."

Adolphine akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la swali dogo. Kisha akainua uso, akamwona Virginie mlangoni.

"Weye ulijua?"

"Sasa hivi, Yaya. Nakuapia, sasa hivi tu."

"Kumbe yale machozi nilikuwa nakufuta yalikuwa yangu," Adolphine alisema. Akasimama, akaenda mbele ya ile karatasi, akaikodolea macho ingawa hakujua kusoma. "Andika bwana yangu. Futa huyu, uandike Omer. Sitaki alale pale chini ya jina la muntu mwingine."

Virginie akachukua kalamu, akafuta jina la Valère mbele ya watu, akaandika Omer.

Papa Lambert alikuwa amesikia. Alimsogelea Valère, aliyekuwa bado magotini.

"Kazi yako imekwisha."

"Ndiyo, shefu."

"Simama. Vedeti inatoka sasa, na nimepungukiwa watu. Utakwenda bila mushahara."

"Injini kama imekufa, upepo umewatupa upande wa Kabimba," Valère alisema, tayari akivua viatu. "Tuanzie kaskazini, shefu. Nakuomba."

Akapita karibu na Virginie. Hakumgusa. "Nitamurudisha," alisema, na Virginie akajibu, "Rudi naye," kwa sababu hasira ilikuwa nyingi na mapenzi hayakuwa yamepungua hata kidogo, na hakujua namna nyingine ya kuyasema yote mawili.

Vedeti ilitoka saa tisa. Wanawake wawili walirudi kwenye sanduku lao. Virginie alipotaka kumshika mkono, Adolphine aliuondoa.

"Usinishike. Lakini usiondoke."

Hakuondoka. Walikaa hivyo, na nafasi ya mtu mmoja kati yao, mpaka jua likazama. Mzee Barthélemy alitandika koti lake chini, akakaa kando yao, mgeni aliyekuja kuposa akajikuta kwenye matanga yasiyo na maiti. Mama Marthe alileta chakula kisichoguswa. Kulipopambazuka Alhamisi ziwa lilikuwa limelala shwari, laini kabisa, na hilo nalo lilimkasirisha Virginie.

Saa nne asubuhi mlinzi alipiga simu kutoka mwisho wa gati. Virginie alikimbilia mkono wa simu hata akaangusha kiti.

"Alo? Alo?"

"Mama, naona mbili. Vedeti iko mbele, inavuta."

"Inavuta nini?"

"Marungu. Mama, iko na watu juu. Watu wengi!"

Meli iliingia polepole, imeinama upande, mlango wake wa mbele umekunjika. Abiria walikuwa wamejazana juu, wengine wakiimba, wengine wakitapika. Usiku ule wa Jumatatu ile kamioni ya mapipa ilikata mnyororo, ikavunja kifuniko cha chumba cha injini, maji yakaingia, injini ikafa. Upepo ukawasukuma siku mbili mpaka karibu na Kabimba, kama Valère alivyosema. Abiria wote sitini na mmoja walikuwa wazima. Wafanyakazi pia, isipokuwa mmoja.

Valère alishuka wa kwanza, ameshika kona ya machela. Juu yake alilala Omer, uso umekauka, mguu wa kulia umefungwa kwa shuka na vipande viwili vya mbao. Nusu saa baada ya kuondoka Kalemie alikuwa amekaza minyororo upya, kama alivyoelekezwa. Upepo ulipoanza akaona haitoshi, akarudi tena kuangalia. Hapo ndipo kamioni ilipomkuta.

"Adolphine," Omer alisema, "sikuenda Mtoa."

"Naona," alijibu mkewe. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti iliyowafanya wapagazi waweke mizigo chini.

Ijumaa daktari alikata mguu chini ya goti. Ijumaa hiyohiyo Valère alianza kubeba magunia ya saruji gatini kwa kazi ya kutwa, na kila jioni alikwenda hospitalini, akakaa nje ya dirisha, kwa kuwa Adolphine hakumruhusu kuingia. Virginie alimwona akipita mbele ya biro na vumbi jeupe kichwani. Valère hakumpigia simu tena. Kila mara simu ilipolia aliichukua upesi mno, na kila mara alikuwa ni mtu wa kazi.

Jumapili ya pili mzee Barthélemy, ambaye hakutaka kurudi Nyunzu mikono mitupu, alivaa koti lake, akamwongoza Valère hadi nyumbani kwa Mama Marthe. Aliongea vizuri, kwa utulivu, bila kupunguza kosa la mpwa wake.

"Hana kazi," alisema. "Alikosa. Lakini aliposukumwa kusema ukweli, aliusema akiwa amepiga magoti. Njo muntu niliye naye, mama. Nimekuja kuomba binti yenu."

Mama Marthe akamgeukia binti yake. Virginie alikuwa amevaa gauni lile jeupe la maua ya kijani. Alimtazama Valère, aliyekuwa amekonda, na alijua jibu la moyo wake tangu zamani. Lakini moyo haukuwa peke yake katika jambo lile.

"Papa, nimekusikia," alisema. "Lakini hilo neno lipeleke kwanza kwa Yaya Adolphine. Akikataa, miye pia nimekataa."

"Tangu lini jirani anaulizwa ndoa ya mutoto wangu?" Mama Marthe alishtuka.

"Tangu leo, mama."

Wakaenda wote wanne hadi hospitalini. Omer alikuwa amekalishwa kitandani, na Adolphine alikuwa akimkata kucha. Alimwona Valère akiingia, akaendelea na kazi yake mpaka kidole cha mwisho. Mzee Barthélemy akaanza hotuba yake upya, Omer akamkata katikati.

"Miye nilikubali ndoa hii tangu Jumatatu ile," Omer alisema. "Muulizeni huyu muke wangu."

Adolphine akaweka wembe chini.

"Valère, sijakusamehe. Usidhani. Nitakapozaa, nani atanichotea maji? Nani atapasua kuni?"

"Miye, Yaya."

"Kila siku nitakuangalia na nitakasirika, na utanyamaza."

"Nitanyamaza."

Kisha akamgeukia Virginie. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Na weye unakuja kuniuliza kama muoane. Bwana yangu ameacha muguu wake juu ya hii ndoa. Mukiiacha, nimwambie nini? Kama aliuacha bure?"

Virginie akapiga magoti pale sakafuni na gauni lake jeupe, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, na Valère akasimama karibu naye bila kujua aweke wapi mikono yake.